Shamba Linalolala Mwaka wa Saba

Nakumbuka siku moja, mwaka ule tulipokula ugali wa mahindi ya manjano ya msaada, kuku wenyewe wakiyatazama kwa shaka. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nina nguvu na mdomo. Shamba la mama mkwe wangu lilikuwa limelala, mlango wa ua wazi. Alisikia kanisani kwamba Mungu aliwaagiza Wayahudi waipumzishe ardhi kila mwaka wa saba, kinachojiotea kiliwe na maskini, kinachobaki kiliwe na wanyama wa porini. Hakujua kusoma, lakini akisikia neno alilifanya.

Nikamkuta Mama Rispa, mjane jirani, akichuma mboga za mnavu humo. Nikamfukuza. Nikafunga mlango kwa kamba, nikashika jembe nipande maharagwe. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa na njaa na bado sikumjua.

Mama mkwe akaja polepole, akafungua kamba.

"Mama, njaa yote hii, na shamba linalala kama mlevi?"

"Hata wewe unalala. Na unakoroma." Akalikalia jembe langu, akasema: "Shamba hili halilimwi mwaka huu, na mlango wake haufungwi."

Akanituma nimrudishe Mama Rispa, nimbebee na kikapu. Nilibeba, uso chini.

Mwaka uliofuata udongo ulikuwa mweusi, maharagwe yakatushinda kuvuna. Na nilipojifungua, maziwa yakakataa kutoka, aliyekuja kila asubuhi na chungu cha mnavu wa kuleta maziwa ni yule yule niliyemfukuza. Kichanga yule ndiye baba yake mjukuu wangu Nekesa, nesi aliyenileta hapa Abu Hamour, ng'ambo anakofanya kazi, nione alivyo mtu. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wanawake wawili.

Jana kitinda mimba wangu alipiga simu kutoka nyumbani. Shamba ni langu sasa, na mwaka wa saba umefika tena. Mwenye trekta anataka kulikodi apande miwa.

"Nyanya, kubali tu," Nekesa akaninong'oneza, macho mekundu kwa zamu ya usiku hospitalini.

Mwanangu, wewe tunayekutana nawe kanisani Mesaimeer kila Ijumaa, unayejisifu hujapumzika tangu ufike: kisichopumzika hufa kimesimama. Lala siku yako. Ukiwa nacho, mwachie mwenzako mlango. Hujui nani atakupikia kesho. Mungu akupe usingizi mtamu na jirani mwenye chungu.

Basi jana nikaichukua simu, nikamwambia kitinda mimba wangu:

"Shamba hili halilimwi mwaka huu, na mlango wake haufungwi."