Deni Limekwisha, Jina Bado: Inshirah Atafuta Gari la Kuita Lake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mapaa ya Mahalla, mji wa viwanda vya nguo. Inshirah Abdeltawab, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, anageuza ufunguo na kusikiliza. Injini inanguruma, inasita, inazimika. Anangoja kidogo, kisha anageuza tena kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Safari hii inawaka.

Kigari chake cheupe kimetengenezwa kwa ajili ya abiria saba. Asubuhi hii kinapakia watoto kumi wa shule pamoja na mikoba yao. Harufu ya mikate ya maharage imejaa ndani, na vioo vyote vimefunikwa na mvuke wa pumzi.

“Shangazi, gari hili linakohoa kuliko babu yangu,” anasema mvulana aliyebanwa karibu na mlango.

“Babu yako anapumzika,” Inshirah anamjibu bila kugeuza kichwa. “Mimi na hili gari bado hatujapewa ruhusa.”

Akishawashusha watoto, huwachukua wasichana wa karakana ya kushona nguo. Adhuhuri huwarudia watoto, na jioni wasichana. Katikati ya safari hizo hunywa chai nzito akiwa amekaa palepale kwenye usukani, kwa sababu, anasema, akishuka magoti humkumbusha umri wake.

Lakini gari si lake. Ni la Gharib, fundi mstaafu wa mashine za kusokota nyuzi, ambaye wenyeji humwita Baba Israa. Kila jioni Inshirah humpa paundi mia mbili, awe amepata abiria au hakupata. Mafuta ni juu yake, na matengenezo madogo pia. Kinachobaki hulisha nyumba ya watu wawili, yeye na binti yake Rihab, anayesomea uuguzi.

“Nimelilipia gari hili mara mbili kama si tatu,” anasema. “Ila nimelilipia kwa kodi, na kodi haina kumbukumbu.”

Mwanzoni mwa Februari, Gharib alimwita na kumpa habari ambayo Inshirah alikuwa akiiogopa kwa muda mrefu. Binti yake wa mwisho, Israa, alikuwa ameposwa. Ilimbidi auze gari ili amnunulie vyombo vya kwenda navyo kwa mumewe. Mnunuzi kutoka Tanta alikwisha kulitazama na kutaja paundi laki mbili na nusu.

“Wewe ndiye wa kwanza, Mama Rihab,” Gharib alimwambia. “Lakini mwisho wa mwezi huu hauna mwisho mwingine.”

Inshirah alikuwa na elfu tisini, alizozikusanya kidogo kidogo kwa upatu wa wanawake wa mtaa. Alivaa kanzu yake nyeusi nzuri akaenda benki kuomba mkopo wa sehemu iliyobaki. Msichana wa dirishani alilichapa jina lake, akakitazama kioo cha kompyuta, kisha akapunguza sauti.

“Hajati, jina lako lina doa.”

“Sijahiji bado,” Inshirah anasimulia. “Ameniita Hajati kwa kuwa alijua ananinyima.”

Doa hilo lina umri wa miaka sita. Wakati huo Inshirah alikuwa mfumaji katika kiwanda kidogo cha nguo, na mpwa wake Hasnaa, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa akiolewa. Mahalla, vyombo vya bibi harusi hupita barabarani juu ya lori, kwa ngoma na vigelegele, na majirani husimama madirishani kuvihesabu. Mama wa bibi harusi, Samiha, hakutaka binti yatima ahesabiwe pungufu. Alikopa jokofu, mashine ya kufulia, friza, mazulia na seti tatu za vyombo vya kaure. Duka lilitaka mdhamini mwenye mshahara. Inshirah akatia saini.

Alitia saini kwenye karatasi tupu, kama watu wengi wafanyavyo huko. Karatasi hiyo huitwa stakabadhi ya amana. Mdhamini haandiki kiasi wala tarehe. Huandika jina lake tu. Siku malipo yakichelewa, mwenye duka hujaza tarakimu anayoitaka, na mdaiwa hupelekwa mahakamani kama mtu aliyekula amana, si kama mtu mwenye deni.

Haukupita mwaka, kiwanda kikafungwa. Samiha akaugua. Malipo yakachelewa, na duka likajaza karatasi kwa kiasi kilichozidi deni lenyewe. Inshirah aliuza bangili zake zote, akalipa mpaka paundi ya mwisho, akarudishiwa karatasi na kuichana mwenyewe.

“Nilidhani ukimaliza kulipa, umemaliza,” anasema. “Yule msichana wa benki akanieleza kwamba deni limekwisha, ila kuchelewa kwangu kumebaki. Nikamuuliza, kutabaki mpaka lini? Akasema, mama, nipishe nimhudumie anayefuata.”

Kutoka hapo alikwenda kwa muuza magari kwenye barabara ya Tanta, mtu anayejulikana kwa kutouliza habari za benki. Haji Shukri alimkaribisha kwa chai, akamwonyesha kigari cha bluu, akaahidi kumpa funguo wiki hiyohiyo. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nne. Zote zilikuwa tupu. Alitaka pia mdhamini mmoja mwenye mshahara wa serikali.

“Andika kiasi kwanza, Haji, ndipo nitie saini,” Inshirah alimwambia.

“Mama, mji mzima umetia saini kwenye meza hii. Ukilipa, nakurudishia.”

“Na nikichelewa siku mbili?”

“Usichelewe.”

Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake aliingilia kati. “Haji, mambo haya mwite mumewe uzungumze naye.”

“Mume wangu yuko makaburini,” Inshirah akamjibu huku akiinuka. “Ukitangulia, nisalimie.”

Anasema alicheka peke yake mpaka kituoni, na alipoketi ndipo kicheko kilipokwisha. Jirani yake mmoja alifungwa miezi minane kwa karatasi kama zile, kwa sababu ya mashine ya kufulia. Alipotoka, mwanawe mdogo hakumtambua.

Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi kwisha Hasnaa alipofika nyumbani kwa shangazi yake, kitambulisho mkononi. Siku hizi Hasnaa ni karani katika hospitali ya serikali. Alikuwa amesikia habari kutoka kwa Rihab.

“Twende kwa Haji, shangazi. Sasa ni zamu yangu kukudhamini.”

“Keti unywe chai.”

“Sikuja kunywa chai.”

“Basi keti usinywe. Mimi nimekwishaonja dhamana, mwanangu. Sitakupikia na wewe.”

Walikuwa bado wakibishana Gharib alipobisha hodi kuchukua kodi ya siku. Alikaa mlangoni akapumua kama mtu aliyebeba gunia. Alikuwa ametoka madukani.

“Friza tu, Mama Rihab. Friza peke yake, zaidi ya elfu thelathini. Hapo sijagusa sahani. Mama yake Israa anataka seti tatu, kana kwamba tunafungua hoteli.”

Hasnaa akakiweka kitambulisho mezani. Kisha akauliza, “Baba Israa, binti yako anataka friza ya rangi gani?”

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Friza aliyoozwa nayo Hasnaa haikuwahi kuwashwa. Chumba chake kidogo hakikuwa na nafasi, basi ilisimama ukumbini ndani ya nailoni yake, kitambaa cha kufuma juu yake. Seti za kaure zilikuwa kabatini nyuma ya kioo. Mazulia mawili yalikuwa yamekunjwa chini ya kitanda. Vitu vilivyomtia Inshirah doa vilikuwa vimekaa miaka sita bila kutumiwa, na bei zake zilikuwa zimepanda mara tatu na zaidi.

Samiha alipopata habari, alikuja mbio.

“Wifi, majirani walivihesabu vikiingia, na watavihesabu vikitoka. Watasema mwanangu ameachwa.”

“Watasema,” Inshirah alikubali. “Siwezi kukudanganya.”

“Mama, sahani zile hazijui hata mchuzi unafananaje,” Hasnaa akasema. “Nazipangusa vumbi kila Alhamisi kama kaburi la walii. Na hizo si zangu. Shangazi ndiye aliyezilipia.”

Samiha alilia. Kisha, kwa maelezo ya wote watatu, akaomba jambo moja tu: vitolewe saa za kazi, mtaa ukiwa mtupu. Wakamkubalia.

Gharib na mkewe walivikagua vyombo kimoja kimoja na kuvithamini kwa paundi elfu sabini. Mke wa Gharib alikuta kikombe kimoja kina ufa, akataka punguzo. Mumewe akamwambia akiweke nyuma ya birika. Pamoja na akiba ya Inshirah, zilibaki elfu tisini. Gharib alikubali kuzipokea kama alivyozoea kupokea kodi, mia mbili kila jioni ya kazi, mpaka ziishe. Mnunuzi wa Tanta akapewa samahani yake.

Gharib naye alileta karatasi tupu. Alifanya hivyo bila nia mbaya, kwa mazoea tu. Inshirah aliirudisha kwake juu ya meza pamoja na kalamu.

“Andika, Baba Israa. Kwa tarakimu na kwa maneno.”

“Huniamini, baada ya miaka yote hii?”

“Nakuamini wewe. Simwamini atakayeikuta karatasi siku ukifa.”

Gharib alicheka, akaandika, Inshirah akatia saini, na mashahidi wawili wakafuatia chini yake.

Hesabu ya Inshirah inaonyesha kwamba atamaliza kulipa baada ya mwaka mmoja na nusu, iwapo injini itavumilia na mafuta hayatapanda tena. Mambo yote mawili, anasema, yako kwa Mungu. Hadi siku hiyo leseni itabaki kwa jina la Gharib, na asubuhi zake hazitabadilika. Rihab anamhimiza arudi benki akaulizie doa lake. Hana haraka.

Mipango mikubwa hana. Anataka matairi mawili mapya ya mbele na, leseni ikishaandikwa jina lake, siku moja tu ya mapumziko.

“Siku hiyo sitakwenda popote,” anasema akiupangusa usukani kwa kiganja. “Nitaliegesha kivulini, nitafunga milango, nilale humu ndani mpaka jua lizame. Jioni itapita, na hakuna mtu nitakayempelekea kitu.”