Jina la Tsofa

Rosebella Awino alifundisha uchumi katika shule ya upili miaka thelathini na miwili, na alipostaafu alidhani atapumzika. Wapi! Nyumba aliyopanga Mji wa Kale ina ngazi za kukata pumzi, magoti yamechoka, na kila wiki ana ukurasa wa kuandika katika jarida la kanisa. Mada yake ni moja tu: ujira wa haki, kwa ushahidi wa Biblia na wa soko. Waumini husoma, husema amina, kisha jarida likafungiwa mandazi. Chini ya ukurasa hutia sahihi "Sauti ya Mnyonge", maana mzee wa kanisa anayelipia uchapishaji ndiye mwenye kampuni inayoajiri vibarua wa magodauni ya Mbaraki. Akikasirika, ukurasa umekwisha, na bila ukurasa huo Awino haoni kingine cha kumwamsha asubuhi.

Vibarua hao husimama langoni alfajiri, nyapara akaita anaowataka. Asiyeitwa hurudi nyumbani. Hapewi barua wala sababu. Mwezi uliopita Awino alimsikiliza mmoja wao, Tsofa, mwenzake wa kwaya, akieleza walivyopakua saruji tangu asubuhi hadi magharibi kwa ujira wa nusu siku. Akaandika yote, ila jina la kampuni. Mwalimu ni mwalimu: aliwazoesha wanafunzi wake kwamba hoja bila mfano halisi ni porojo, basi akatia jina la Tsofa na la babake. Alijiona amemheshimu, kumbe amemponza.

Tangu jarida lile litoke nyapara hajamwita. Wiki ya tatu sasa.

Jana baada ya ibada Tsofa alizipanda zile ngazi. Awino alimkaribisha, akamtilia chai, akaanza kumwomba radhi kwa maneno marefu, akachoka kabla hajayamaliza. Tsofa hakugombana. Aliuliza tu, kwa upole.

"Mwalimu, jina langu ulilitia lote, na la marehemu baba. Lako mbona hukulitia?"

Awino aliona haya, haya ya mtu mzima. Tsofa alimaliza chai, akashukuru, akashuka.

Asubuhi hii Awino yuko mezani. Juu ya karatasi ameandika Rosebella Awino, na chini yake jina la kampuni. Na anaogopa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika habari za haki.