Nilishika Fimbo ya Mume Wangu Mbele ya Watu

...na ndiyo maana barua yangu ya kwanza sikuimaliza, Mhariri. Machozi yalilowesha karatasi. Leo naimalizia. Nina miaka ishirini na miwili, nimesoma hadi kidato cha nne, naishi Ifakara, na ndoa yangu ina miezi mitatu tu. Jina langu lifiche, lakini furaha yangu usiifiche: wasomaji, nimeolewa na mwanamume mtamu kuliko wote bonde hili zima!

Mume wangu hulima mpunga, na Jumapili baada ya ibada hutafsiri picha kwenye banda la video. Husimama kando ya televisheni na fimbo yake, akieleza kwa Kiswahili kila linalosemwa. Aliishia darasa la saba, Kiingereza hakijui, husoma nyuso. Nilimpendea hapo hapo. Picha za mapigano kwangu ni upuuzi mtupu, mtu mmoja anapiga arobaini na shati halichafuki, lakini mume wangu akimfanya jambazi adai mbuzi wake kwa Kipogoro cha kwao, hata wazee hushika mbavu. Ile ya Kihindi ya majuzi ilikuwa ndefu bila sababu, mama analia kanda mbili nzima! Yeye aliifanya ikawa tamu.

Kinachonikera ni mapenzi. Mtu akimshika mkewe mkono, mume wangu hutafsiri, "Anamuuliza kama wali umeiva." Watu wanacheka, mimi naungua. Mwezi uliopita ikawekwa picha ya Kiingereza, nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu. Askari amerudi kutoka vitani amepofuka, anaupapasa uso wa mkewe kwa vidole. Mume wangu akasema, "Anasema, huyu siye, mke wangu alikuwa mnene."

Watu wakaangua kicheko. Sikujijua, nikasimama. "Hapana! Anasema, uso wako nilikuwa nao kule kule gizani!"

"Mwalimu huyo!" mtu akapiga kelele. "Shemeji, shika fimbo!"

Mume wangu akatabasamu, akaniletea fimbo kweli. Nami kwa ujinga wangu nikaipokea, nikatafsiri hadi mwisho. Wanawake walilia, wakanipigia makofi. Nilipogeuka kumtafuta, hakuwepo.

Nyumbani nilimkuta ananoa jembe. Hakufoka. Aliniuliza jambo moja tu: "Kumbe siku zote ulikuwa unajua nakosea. Sasa ulikuwa unacheka nini, mke wangu?"

Nilikuwa nacheka kwa raha, jamani! Nimemwambia, nimemwapia, haamini. Tangu siku ile hajakanyaga bandani. Sokoni vijana wanamwita "mume wa Mwalimu". Mwenye banda, mama mmoja asiye na subira, amekuja mara mbili: "Mwanangu, benchi zangu hazina watu. Mumeo kama amesusa, njoo wewe."

Mume wangu akanijibia, "Nenda tu. Wewe ndiye unayejua."

Nikikubali, namnyang'anya fimbo mara ya pili. Nikikataa, anasema namhurumia. Na bado ananiletea samaki wabichi kutoka mtoni, bado nikisinzia ananifunika khanga. Mapenzi yapo, wasomaji, nayaona. Ila hanisimulii tena kitu chochote. Akirudi shamba anasema "mvua imenyesha", basi. Huyo ndiye aliyekuwa akinisimulia hata kuku wawili wakigombana!

Sasa mama mkwe ametuma salamu kutoka Malinyi, anatuita kwake. Kwake hakuna televisheni. Mwanawe akifika, ukoo mzima hukaa uani kungoja awasimulie picha mpya, na yeye huwa kama mfalme. Niambieni, ndugu zangu, nimweleze vipi mtu huyu hadi afungue kinywa nami nimeketi pale pale? Msikawie kuniandikia, maana mama mkwe nimeshamjibu: tutafika kabla mwezi huu haujaisha.