Hodi ya Nne

Mie ni mtu wa Mombasa, na mtu wa Mombasa hana ugomvi na joto. Baridi ndiyo nusura initoe roho.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ya Riyadh, kazi ya kupokea simu za wateja wenye malalamiko. Kampuni ilipopunguza ofisi, tukaambiwa kila mtu afanyie kazi anapoishi. Kodi ya Riyadh ilikuwa inanimaliza. Dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Rawdha, Jeddah, na madam wake ana nyumba milimani, juu ya Taif, ambayo huiendea wakati wa joto tu. Madam akakubali nikae chumba cha nje kwa bei nafuu. Dada akanicheka: wenzangu wanakimbilia mjini, mie naukimbia mji nikakae na nyani.

Na nyani walikuwepo kweli. Asubuhi walipita juu ya paa wakigombana kama wenye nyumba. Jirani yangu alikuwa bibi mjane ambaye madam alimwachia ufunguo wa akiba. Nilimwita Khala, ndivyo huko wanavyomwita mama mdogo. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, chake cha milimani, lakini tulielewana. Alikuja saa yoyote, mara na kahawa, mara na mkate wa moto, akigonga na kusalimu kwa sauti ya kusikika bondeni.

Sasa sauti hiyo, na hao nyani, ndiyo iliyokuwa balaa. Bosi alikuwa akisikiliza simu zetu kutoka Riyadh. Siku moja akaniuliza ati nafanyia kazi sokoni? Akanionya kwamba akisikia kelele tena, halas, kazi basi. Kampuni ndiyo kafili wangu, mdhamini wa kukaa kwangu nchini. Kazi ikienda na ikama, kibali cha kuishi, inakwenda, narudi Mombasa mikono mitupu. Niliogopa, sikufichi. Nikaziba upenyo wa mlango kwa taulo. Nikamwomba Khala, huku nikiona haya, kwamba akigonga mara tatu nisiitike, basi niko kazini, aende zake. Akasema hilo mbona analijua, ndivyo alivyolelewa: hodi tatu, usipoitikiwa unarudi. Toka hapo akashika ahadi. Nilimsikia anagonga, ananyamaza, kandambili zake zinaondoka. Nami naendelea na "yes sir" zangu, roho inaniuma.

Baridi ilipoingia, loo! Vidole viligoma kuandika. Khala akaniletea jiko la mkaa, akafungua dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akasema lisifungwe mkaa ukiwaka. Nikaitikia. Moyoni nikasema, bibi huyu naye, jiko la nini ikiwa dirisha liko wazi? Kwetu jiko hukaa uani, upepo unajipitia. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuiogopa hewa ya mkaa. Asubuhi moja simu ikaingia, nyani wakaanza vita vyao huko juu, nikainuka nikafunga dirisha.

Mteja alikuwa analalamikia friji. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni yeye, maana alikuwa na maneno mengi. Kisha miguu ikawa si yangu. Nikataka kusimama, nikajikuta chini kwenye zulia, hedifoni bado inasema halo, halo. Hapo ndipo nikamsikia Khala. Akagonga. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akagonga tena. Nikajaribu kuvuta waya ili kompyuta ianguke, mkono ukakataa. Akagonga ya tatu. Kisha kimya, na kandambili zikaanza kuondoka, kama nilivyomwagiza mwenyewe. Nililia, au nilitaka kulia, sijui kama machozi yalitoka.

Kandambili zikasimama. Zikarudi. Akagonga ya nne, na hiyo hakungoja kuitikiwa. Nikasikia ufunguo mlangoni.

Alinikokota hadi nje kwa ukosi wa nguo, mwanamke mkongwe vile. Nikamtapikia miguuni. Nilipopata kusema, nikamwuliza kwa nini amerudi.

"Nimeona dirisha limefungwa," akasema. "Mungu atanisamehe hodi moja."

Kazi haikunitoka, ila bosi alisema mtu anayemwacha mteja hewani arudi ofisini, akae mbele ya macho yake. Nilimweleza kilichonipata. Akanipa pole, kisha akanitajia tarehe ya kuripoti. Khala alinisindikiza hadi barabarani na mkate uliofungwa kwenye kitambaa.

Sasa niko Riyadh, ghorofa ya juu, chumba safi, kiyoyozi, kimya tupu. Bosi anaupenda ukimya huu. Jirani wa kulia simjui, wa kushoto ndiyo kabisa. Majuzi nilishikwa na homa, nikalala kutwa na kucha, na hakuna mkono uliogusa mlango wangu. Nilikuwa nikitega sikio, wallahi, kwa kandambili.

Jioni Khala akapiga simu. Kabla hata ya kuniuliza hali, akaniuliza, "Dirisha umelifungua?"

Madirisha ya jengo hili ni vioo vitupu, hayafunguki.

"Nimelifungua, Khala," nikamwambia.