Kifusi Tulichokilaza Kama Meza ya Chai

Siku ya kwanza kwenye ile kwari ya mawe upande wa Merigi, nyapara alitupa reki na gunia la mbegu za nyasi. Tulikuwa akina mama sita, wote tumetoka kuchuma chai. Kazi ilikuwa kuotesha nyasi kwenye kifusi, yaani mchanga na vipande vinavyotupwa mawe mazuri yakishatolewa. Kilikuwa kirefu kushinda kanisa letu. Chini yake aliishi nyanya mmoja, Gogo Taprandich, na kila mvua tope liliingia jikoni kwake. Meneja alikuwa amesema nyasi isiposhika, Gogo atahamishwa. Na hapo ndipo alipomzika mume wake.

"Mnajua meza ya chai?" nyapara akauliza. "Hii kitu ikae hivyo."

Sisi ni wa kufundishwa meza? Mchuma chai huweka ufito juu ya majani aone kama vichaka vyote viko sawa; huo usawa wa juu ndio meza. Tukafukia kila mtaro uliochimbwa na maji, tukapiga reki mpaka kifusi kikalala laini, tukamwaga mbegu. Nikamshukuru Mungu.

Mvua moja tu. Maji yaliteleza kama kwenye mabati, yakabeba mbegu zote. Wiki mbili baadaye Gogo akapanda na fimbo yake.

"Mama Faith, nyasi yenu imeota vizuri sana. Iko jikoni kwangu. Mnakuja kupalilia lini?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilishikwa na aibu. Saa ya chakula nikazunguka nyuma, kwenye kona ambayo reki haikufika kwa sababu ya mawe makubwa. Mitaro midogo ya maji ilikuwa bado iko, na ndani yake nyasi imejaa. Nikaingiza vidole: udongo laini umejikusanya pale, una unyevu. Kati ya mtaro na mtaro, kugumu kama sahani, hakuna kitu. Kwa gumbaru, shule yetu ya jioni ya watu wazima, mwalimu alitufundisha mtaro ni adui wa shamba. Ni kweli, ule mkubwa. Lakini mdogo ndio ulikuwa umeshika mbegu.

Nikaomba, kisha nikaenda kwa nyapara.

"Turudishe mitaro midogo, ikatize mteremko. Ile mikubwa iliyochimbwa tena na mvua tuizibe na mawe. Tupande ndani."

"Nimwambie meneja tunaharibu kazi tuliyomaliza?"

"Mwambie ni mimi."

"Ikishindikana, wewe ndiye utambebea Gogo vyombo vyake."

"Nitabeba."

Mvua ya kwanza ilipasua mtaro mmoja tulioziba vibaya. Nikaenda kufagia jikoni mwenyewe, Gogo ameketi kwa kiti ananionyesha pembe nilizoruka. Baadaye nyasi ikashika, mstari kwa mstari.

Nilifanya kazi hapo mpaka mgongo ukakataa. Nyinyi vijana mkipewa kifusi, msikimbilie kukipendezesha. Kwanza mwangalie maji yameacha nini na wapi.

Siku ya kuaga nilimkuta Gogo juu ya kifusi na mundu, anakatia ng'ombe wake nyasi.

"Jikoni ni kavu?" nikamuuliza.

"Mpaka vumbi." Akanisukumia mzigo wa nyasi. "Si nilisikia ulikuwa unataka kunibebea vyombo? Basi beba hii."

Nikabeba.