Meno ya Askari Dolk

Jumatano asubuhi Siv Dolk alikuwa jikoni kwake kijijini Bräckhult, Uswidi, akigombana na karani wa jeshi aliyekufa karibu miaka mia mbili iliyopita. Karani hakujibu. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Siv alikuwa na miaka sitini na minane na hajazoea kugombana na mwanamume asiye na la kujitetea.

"Hii ni tatu au tano?" aliiuliza kompyuta. "Au ulipiga chafya ukaacha hivyo hivyo?"

Kwenye skrini palikuwa na ukurasa wa daftari la kikosi, umepigwa picha na kumbukumbu za taifa, doa la kahawa la marehemu likiwemo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Sixten, mwalimu wa udereva aliyestaafu na sasa mwenyekiti wa chama cha historia cha kijiji, alitaka tarehe. Jumamosi ubao ungesimikwa pale penye mawe ya msingi wa kibanda cha askari nambari 83, kwa heshima ya Anders Dolk, aliyembeba luteni wake mgongoni kuvuka mto chini ya risasi huko Ujerumani, akapewa nishani ya fedha, akarudi nyumbani akazaa watoto sita. Watu wa Bräckhult wote wanaijua hadithi hiyo. Nishani ipo kwenye kabati la kioo karibu na kanisa, na Siv ndiye anayeifuta vumbi. Kilichokosekana kwenye ubao ni tarehe ya kufa tu.

"Dakika tano," Siv alikuwa amemwambia Sixten. Sasa ilikuwa saa ya tatu ya kazi hiyo, na chungu cha kahawa kilikuwa cha pili.

Tatizo la askari wa zamani wa Uswidi ni kwamba hawakuwa na adabu ya kubaki na majina yao. Mashamba manne matano yaliunganishwa, yakapewa nambari, yakaambiwa: mwekeni askari mmoja. Yakamjengea kibanda, yakampa kipande cha kulima viazi, ng'ombe na koti. Askari akifa au akichoka, wenye mashamba walitafuta mwingine, na huyo mwingine alirithi kila kitu: kibanda, viazi, ng'ombe, koti lenye jasho la mwenzake, na jina. Nambari 83 jina lilikuwa Dolk. Akitoka Dolk anaingia Dolk. Kapteni hakuwa na haja ya kujifunza majina mapya, na wajukuu wakose usingizi wao wenyewe.

Siv alilijua hilo kuliko mtu yeyote wilayani. Alikuwa akilifundisha. Kila Jumanne alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, aliwaambia wastaafu kumi na wawili waliokuja kutafuta babu zao: "Jina la askari ni koti la kuazima. Usimkumbatie aliyelivaa mpaka umwone daftarini." Majira ya baridi yaliyopita alimwambia mwokaji mikate mstaafu kwamba babu aliyemtundika ukutani si wake. Alimpa dakika mbili za kulia, kisha akaendelea na somo.

Kwa nini basi yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua daftari la nambari 83? Kwa sababu hakuwa na shida nalo. Alizaliwa akijua. Babu wa babu yake, Carl, alizaliwa kibandani pale Machi 1816. Kitabu cha ubatizo kilisema baba ni "Askari Dolk, 83", basi, bila jina la kwanza, maana mchungaji naye alikuwa mvivu. Na Askari Dolk ni nani kama si Anders wa nishani?

Saa tatu na nusu karani alilegea. Ile ilikuwa tatu. *Dolk, Anders. Amekufa kwa homa hospitali ya jeshi, Ujerumani, 9 Novemba 1813.*

Siv alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena, akianzia kidole kingine, kana kwamba tatizo lilikuwa vidole. Kutoka Novemba 1813 hadi Machi 1816 ni miezi ishirini na minane.

"Hata tembo habebi mimba hivyo," alisema.

Akafungua ukurasa uliofuata. *Nambari 83. Dolk, Petter. Kibarua wa shamba. Ameingia Februari 1814. Amemwoa mjane wa Dolk aliyetangulia.* Yaani pamoja na ng'ombe na koti, na mke. Mjane asingefanya hivyo angefukuzwa kibandani na watoto wake wawili, kwa hiyo Siv hakuweza hata kumlaumu, jambo lililozidi kumuudhi. Akamfuata Petter mwaka hadi mwaka, akitafuta angalau kamto kadogo alikovuka, angalau kaluteni kamoja alikokabeba. Hakuna. Kikosi hakikuitwa vitani. Petter alilima viazi na kuhudhuria gwaride. Mwisho, kwenye ukaguzi mkuu wa kikosi wa mwaka 1827, karani alipata ghafla mwandiko mzuri, ule uliokuwa umemshinda asubuhi nzima:

*Hana meno ya mbele. Hawezi kung'ata karatasi ya baruti. Hafai. Aondolewe.*

Bunduki za siku hizo zilijazwa kwa kung'ata na kupasua karatasi ya baruti; asiye na meno hakuwa askari. Siv alifunga kompyuta kwa nguvu, akaifungua tena kuona kama imevunjika, akampigia simu Sixten.

"Umeipata tarehe?"

"Nimeipata. Sixten, ubao ni wa uongo."

"Uongo gani? Umeshapakwa rangi."

Akamweleza. Upande wa pili Sixten alisikika akitafuna kitu kikavu.

"Sasa, nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi najua."

"Basi usijiambie."

"We mtu, mimi ndiye mwalimu wa hayo madaftari!"

"Ndiyo maana nashangaa. Miaka thelathini unatuchoma masikio na koti la kuazima, kumbe na wewe umelivaa?" Akacheka mpaka akapaliwa. "Sikiliza, Siv. Bendera ya bendi ya tarumbeta imepigwa pasi. Aina saba za biskuti zimeshagawanywa nani aoke ipi, na wewe ni zile za jamu. Mwache Anders apumzike na watoto wake sita."

"Hakuwa na sita. Wawili tu, na si sisi."

"Na mzee Evald je? Utamwambia yeye?"

Hapo Siv alikata simu, kwa sababu Sixten, kwa bahati mbaya, alikuwa ameuliza swali la maana.

Evald alikuwa baba yake, mwenye miaka tisini na mitatu, akiishi nyumba ya wazee mkabala na duka la ushirika. Mwaka 1944, vita ilipokuwa imeizunguka nchi pande zote, vijana wa Bräckhult waliitwa kupimwa jeshi. Walikwenda kumi na wanne kwa basi moja. Daktari alimtazama Evald miguu, akaona nyayo bapa kama chapati, akagonga muhuri, akamrudisha. Kumi na watatu walikwenda kulinda mpaka. Evald alirudi peke yake, akiwa amekaa kiti cha mbele, dereva akimpa pole njia nzima. Nyumbani baba yake alikuwa anakula viazi na samaki wa chumvi. Hakuinua hata kichwa. "Tangu Anders wa nishani," alisema, "hakuna Dolk aliyewahi kurudishwa na jeshi. Wewe wa kwanza." Akaomba chumvi.

Evald alijenga nyumba kumi na nane kwa mikono yake, akazika mke, akalea binti. Lakini hakuwahi kukanyaga mkutano wowote wa askari wa zamani hata kunywa kahawa, na kila alipopita kabati la nishani alivua kofia kama mtu aliyeitwa ofisini. Ubao ulipotajwa, alibadilika. Aliagiza kofia mpya. Alitaka apigwe picha kando ya jina la Anders, yeye aliyerudishwa, "ili baba yangu anione nimesimama naye," alivyosema, ingawa kusimama kwenyewe hakuweza tena.

Siv alijua akinyamaza, baba atapata picha yake. Akisema, atamnyang'anya mzee wa miaka tisini na mitatu shujaa wake siku mbili kabla ya sherehe, na kumpa badala yake kibarua kibogoyo.

Alhamisi alikwenda na biskuti za jamu. Alikuwa ameamua kunyamaza. Aliamua hivyo kwenye ngazi, akaamua tena mlangoni. Evald alikuwa amekaa kitandani na kofia mpya kichwani, na kibandiko cha dukani bado kinaning'inia.

"Nimeandaa maneno," alisema. "Mafupi. Nitasema: Anders, nisamehe miguu."

"Baba, usiseme hivyo."

"Kwa nini? Marefu?"

"Usiseme tu!"

"Mbona unafoka? Kula biskuti."

Siv akala biskuti. Akala ya pili. Mzee akajaribu tena, safari hii akiinama kidogo kwa heshima mbele ya kabati la nguo: "Anders, nisamehe—"

"Si babu yako!" Siv alilipuka, makombo yakaruka. "Alikufa kwa homa Ujerumani! Carl alizaliwa miezi ishirini na minane baadaye! Sisi ni wa yule aliyefuata, Petter, kibarua, hakuvuka mto, hakubeba mtu, na mimi nafundisha haya mambo kila Jumanne na sikufungua daftari, basi, nimesema!"

Mhudumu alichungulia mlangoni, akaona ni mambo ya kifamilia, akarudi alikotoka.

Evald alivua kofia. Aliigeuza geuza mikononi mpaka Siv akaanza kutafuta kwa macho kengele ya kumwitia muuguzi.

"Huyo Petter," mzee alisema mwishowe. "Alifia wapi?"

"Hapa hapa. Uzeeni. Jeshi lilimwondoa mwaka 1827."

"Walimwondoa kwa nini?"

Siv hakutaka kusema. Lakini alikuwa ameshavunja chungu. Vigae vya kubakiza havikuwa na kazi. Akatoa karatasi aliyochapa, akasoma: "Hana meno ya mbele. Hawezi kung'ata karatasi ya baruti. Hafai. Aondolewe."

"Soma tena."

Akasoma.

"Pale mwisho. Yale maneno mawili."

"Hafai. Aondolewe."

"Yapo kabisa? Yameandikwa na jeshi?"

"Na karani wao, baba. Mwandiko wake wa kwanza kusomeka."

Mzee akaichukua karatasi, akaishika mbali, akaileta karibu. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na Siv akajisemea, haya, umemuua baba yako kwa daftari. Kumbe ilikuwa hasira.

"Miaka sabini na mitatu!" Evald alipiga godoro ngumi. "Miaka sabini na mitatu nazunguka na kiti cha mbele cha basi mgongoni! Eti wa kwanza! Wa kwanza! Aliyetuzaa wote alirudishwa kabla hata basi halijabuniwa!" Akamgeukia. "Na wewe! Miaka thelathini nzima unawachimbia babu watu baki, waokaji mikate, walimu wa udereva! Wa kwetu ulimwacha wa nini?"

"Nilidhani namjua."

"Ulidhani!" Akatema neno hilo kama kokwa. "Baba yangu naye alidhani, na viazi mdomoni." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Nenda kamwambie Sixten abadilishe ubao."

Sixten hakuubadilisha. Alisema rangi imekauka, tarumbeta zimealikwa, na katiba ya chama inataka mkutano. Siv alimwita majina ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha ubatizo. Hatimaye wakakubaliana: tarehe ya kufa ya Anders ingeandikwa, watoto sita wangefutwa, na kibao kidogo cha pili kingepigiliwa chini yake. Siv mwenyewe alikipaka rangi Ijumaa, kwenye meza ya jikoni, na herufi zilipanda mlima upande wa kulia kwa sababu mkono ulikuwa bado una hasira.

Jumamosi ilinyesha, kama kawaida ya sherehe za nje. Watu arobaini walisimama na miavuli kwenye majani marefu, kuzunguka mawe ya msingi na kichaka cha matunda machachu kilichobaki bila mwenyewe. Tarumbeta zilipiga. Sixten alivuta shuka. Juu palikuwa na Anders, nishani, mto na homa. Chini palikuwa na maneno yaliyopinda: *Petter Dolk, 1814–1827. Alilea wawili wa Anders na wanne wake. Aliondolewa kwa kukosa meno.*

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa yule mwokaji mikate, na Siv alimwacha acheke, maana dakika mbili zile alikuwa anamdai.

"Evald atasema neno," Sixten alitangaza, akitumaini litakuwa fupi kwa sababu ya kahawa.

Siv akakisukuma mbele kiti cha magurudumu cha baba yake, kikizama kwenye tope, naye akililaani tope hilo. Mzee alivua kofia mbele ya kibao cha juu, sekunde moja, kama unavyomsalimu jirani wa baba yako. Kisha akaivaa, akaangalia cha chini.

"Mimi ni wa pili," aliwaambia watu. "Miguu. Ya meno alishatangulia huyu."

"Haya baba, tabasamu, wanapiga picha," Siv alimharakisha, maji yakimwingia shingoni.

Evald aliingiza vidole mdomoni, akatoa meno ya bandia, ya juu na ya chini, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni.

"Baba! Rudisha meno, watu wanaona!"

"Waone," alisema mzee kwa ufizi mtupu, akainua uso kwenye mvua kando ya jina la Petter. "Piga."