Nani Hakukaza Nati

"Mi hiyo Kifaransa nitaifungua kama injini, siku saba tu," Ilias alitangaza mbele ya gereji nzima. Massoudi, fundi mwenzake, alicheka mpaka spana ikamponyoka. Patron wao, mwenye gereji, Vainqueur, alikuwa ametoka kusema anatafuta mkuu wa mafundi, na mkuu lazima aandike ripoti ya kila gari kwa Kifaransa: kimefanyika nini, na nani amekifanya. Waliokitaka cheo walikuwa wawili, Ilias na Massoudi.

Ilias ana miaka ishirini na miwili chini ya magari ya watu pale mtaa wa Asiatique. Kifaransa chake kilitosha kumtisha mteja, basi. Jana, leo na kesho, kwake vyote vilikuwa "je change", nabadilisha.

Akamwendea Nsimire, muuza mandazi wa langoni. Kule Uvira Nsimire alifundisha shule ya msingi miaka kumi, na mpaka leo ukimwita bila "mwalimu" unapewa andazi la jana. Alimfundisha saa ya chakula, bila kitabu. Kitenzi cha jambo lililopita, alimwambia, hakisimami peke yake. Kinataka kingine cha kukiinua. Ilias akaelewa papo hapo: jeki. "Avoir", kuwa na, ni jeki ya magari karibu yote. "Être", kuwa, ni ya wachache wenye kiburi: kwenda, kuja, kuanguka, kuzaliwa, kufa. Kila mchana akawa anatoa hesabu ya matendo yake: j'ai mangé, nimekula; j'ai démonté, nimefungua; je suis venu, nimekuja. Siku saba zikazaa wiki tano.

Wiki ya sita, gari alilolitengeneza asubuhi lilichomoka gurudumu kwenye barabara ya Musaga, likaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia; Ilias na wenzake walipokwenda kulivuta, dereva ndiyo kwanza anatoka. Vainqueur akataka ripoti kabla ya jioni, na gereji nzima ikajua kwamba mtihani wa ukuu ndio huo.

Sasa, gereji ina adabu zake. Fundi havunji kitu. Bomba lilipasuka lenyewe, breki zilichoka, nati ililegea kwa hiari yake. Ilias amelelewa humo. Akakaa kwenye benchi la Nsimire, akaandika: "La roue est tombée." Gurudumu limeanguka. Jeki yenyewe ilikuwa sahihi.

Nsimire alisoma huku akipangusa unga vidoleni.

"Kosa hakuna," akasema. "Lakini mi nilikufundisha useme vile ulifanya we. Ile gurudumu haikukuwa mwanafunzi wangu."

"Mwalimu, nikiandika hivyo, cheo kimeenda."

"Inawezekana."

Hakumbembeleza. Aligeukia mafuta yake, akamwacha na kalamu.

Ilias alikumbuka vizuri mno. Nati zote alizizungusha kwa mkono, simu ikalia, akaongea, akacheka, akarudi akashusha gari. Spana haikupita. Akafikiria yule dereva, jinsi alivyotoka mtaroni akijipapasa mbavu kuona kama zimetimia. Akakata ile sentensi kwa mstari, chini yake akaandika: "Je n'ai pas serré les écrous. J'ai répondu au téléphone." Sikukaza nati. Nilipokea simu.

Vainqueur alisoma mara mbili, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Akasema mkuu wa mafundi atakuwa Massoudi. Kisha akamwambia Ilias akanunue nati nyingine, alifunge gurudumu lile mwenyewe.

Duka la vipuri liko ng'ambo ya barabara. Ilias akavuka, akatoa fedha zake: nati nne za gurudumu, faranga elfu ishirini.